Usifunge Peke Yako

Mama zangu wa soko la Kadutu mnaofunga mizigo saa hizi, baba zangu wa Bagira, vijana wa Ibanda, nanyi ndugu wa Panzi ambao najua barabara imewachosha, karibuni. Leo tuongee habari ya kula, na hasa habari ya kukaa bila kula.

Simu nyingi za mji huu wa Bukavu zimebeba ujumbe wa sauti unaofundisha kufunga kwa saa. Unaambiwa ule ndani ya masaa 8, na masaa 16 yaliyobaki ukae na maji tu. Ujumbe mwingine unafundisha kula kama kawaida siku 5 za juma, na siku 2 ule robo tu ya chakula chako. Ahadi zake ni kubwa: kitambi kitaondoka, sukari itashuka, tansio itatulia. Basi watu wanaanza, mara nyingi wawili watatu kwa pamoja, dada na shoga yake, majirani wa uwanja mmoja, wakipimana viuno na kutiana moyo. Na swali linalonifikia ni lile lile: je, ni salama?

Niseme ninachoamini kabla sijaeleza lolote. Kufunga kwa saa kunaweza kumsaidia mtu aliyezidi uzito. Lakini hapa Bukavu mtu asifunge peke yake, na wale anaofunga nao wawe na ujasiri wa kumwambia: mwenzetu, wewe acha, kula. Kikundi kisichoweza kusema neno hilo sikitaki, hata kama wote wamepungua kilo kumi kumi.

Sisi si wageni wa kufunga. Wakatoliki wanajua Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Waislamu wa mji wetu wanajua Ramadhani tangu alfajiri hadi magharibi. Ndugu zetu wa makanisa ya maombi wanafunga siku 3, siku 7, siku 21. Na tazameni namna dini za zamani zilivyoweka milango ya kutokea. Sheria ya Kanisa Katoliki inamdai mfungo mtu aliyetimiza miaka 18 hadi anapoingia mwaka wake wa 60, na inamwachia mlo mmoja kamili kwa siku. Katika Uislamu mgonjwa na msafiri wana ruhusa iliyo wazi ndani ya Kurani yenyewe, na mashehe wanawahesabu pamoja nao mwenye mimba na anayenyonyesha wanapohofia afya yao au ya mtoto. Maana yake waliotutangulia walijua kwamba mfungo ule ule unaomjenga huyu unaweza kumvunja yule. Pia walifunga kwa pamoja, wakafungua kwa pamoja, na jirani aliyeanguka alionekana mapema. Ujumbe wa simu hauna mlango wa namna hiyo. Unamwambia kila mtu jambo moja, na aliyeutuma hakuoni ukitetemeka.

Sasa sayansi inasema nini? Ile ya siku 5 kwa 2 ilitangazwa sana na Michael Mosley, daktari na mtangazaji wa Uingereza, tangu mwaka 2012. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamepima kufunga kwa saa, na mimi navutiwa na kazi mbili.

Ya kwanza ilifanyika Guangzhou, China, ikachapishwa mwaka 2022. Watu 139 wenye unene mkubwa walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, wote kwa kiasi kile kile. Nusu yao wakaambiwa zaidi ya hapo wale kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Mwisho wa mwaka waliofuata saa walikuwa wamepungua kama kilo 8, na wengine kilo 6 na kidogo. Tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba saa ndizo zilizofanya kazi. Kilichowapunguza wote ni chakula kilichopungua. Kwa hiyo ukifunga masaa 16, kisha ukafidia kwa sahani mbili za bugali, mandazi na chupa mbili za bia ya Primus, mwili umepokea yale yale, umebadilisha wakati tu.

Ya pili iliongozwa na mtafiti Courtney Peterson, wa Alabama, Marekani, ikachapishwa mwaka 2018. Wanaume wanane tu, wote wakiwa wanakaribia kuingia kwenye kisukari. Kwa wiki 5 walikula milo yao yote ndani ya masaa 6, na mlo wa mwisho ulikuwa kabla ya saa 9 alasiri. Hawakupunguzwa uzito, kwa makusudi. Hata hivyo miili yao ikaitikia insulini vizuri zaidi, na tansio ikashuka. Watu wanane ni wachache, sitaki mtu ajenge nyumba juu yao. Lakini funzo lake linaelekea upande mmoja na tafiti nyingine: mwili unapokea chakula vizuri zaidi asubuhi na mchana kuliko usiku.

Hapo nataka tutulie, kwa sababu hapo ndipo maisha yetu yanapogongana na ujumbe ule. Mtu wa Bukavu anakula lini? Mama anatoka nyumbani alfajiri, labda na kikombe cha chai chenye vijiko vinne vya sukari, labda hata hicho hana. Anashuka kwa miguu hadi Beach Muhanzi kupokea mzigo uliokuja kwa pirogi au kwa boti, anaupandisha sokoni, anauza akiwa ameketi juani, mchana anatafuna ndizi au kipande cha muhogo. Chakula chenyewe kinaiva saa 2 usiku watoto wakiwa wamekusanyika: bugali la muhogo, sombe lenye mawese, sambaza kidogo kama zimepatikana. Linaliwa bugali lote hilo, kisha mtu analala. Huyo mama, siku ambayo hata chai hana, amekwisha funga masaa 16 au zaidi bila kufundishwa na mtu. Na amefunga kwa upande usiofaa, akiacha mchana anapofanya kazi na kujaza tumbo usiku anapolala. Ndiyo maana nawaona akina mama wenye kiuno kinene na mikono myembamba, wenye tansio na kizunguzungu, na ambao hakuna siku walikula kupita kiasi kwa mtazamo wao.

Kwa mtu wa namna hiyo, kama ana uwezo wa kupanga, mfungo wenye maana ni kusogeza sahani. Maharagwe au viazi vitamu vya jana vipashwe asubuhi kabla ya kutoka. Lengalenga na sambaza viliwe mchana. Usiku bugali lipungue hadi nusu, na liliwe mapema, saa 12 au saa 1. Ukihesabu, utakuta umekaa masaa 11 au 12 bila kula, na yanatosha. Najua kwamba kusogeza mlo si jambo la mama peke yake. Baba anayetaka bugali la moto saa 3 usiku naye yumo ndani ya habari hii, na namwomba asikilize.

Kuna jambo lingine ambalo ujumbe wa simu, uliotungwa kwa ajili ya watu wa mbali walioshiba tangu utoto, haulijui. Mkoa wetu wa Kivu Kusini umejua bwaki, ugonjwa wa utapiamlo. Wazee wanawakumbuka watoto wa miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi. Mji huu una shirika lililozaliwa miaka ya 1960 likabeba ugonjwa huo ndani ya jina lake, Comité Anti-Bwaki. Na kule Lwiro, wilayani Kabare, hospitali ya watoto imetibu utapiamlo kwa vizazi viwili. Watafiti wa hapa hapa kwetu, Pacifique Mwene-Batu na wenzake, waliwafuata watu waliolazwa Lwiro kwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007, wakawapima wakiwa sasa ni watu wazima. Walichokuta ni kwamba waliougua utotoni wana hatari kubwa zaidi ya mafuta ya tumboni na ya zile dalili zinazofuatana na kisukari, wakilinganishwa na majirani zao ambao hawakuugua.

Fikirini hilo kwa makini. Njaa ya mwaka 1990 inaonekana leo katika damu ya mtu mzima. Na mwezi wa Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, likiwa mkutanoni Bangkok, lilitambua rasmi aina ya 5 ya kisukari, ile inayohusishwa na utapiamlo, ambayo huwapata watu wembamba na mara nyingi vijana. Kwa hiyo katika Kivu Kusini huwezi kumtazama mtu mwembamba ukasema huyo hana sukari. Wala huwezi kumwona jirani ana sukari ukamwambia afunge apungue. Huenda hana cha kupunguza. Huenda mwili wake unadai chakula kuliko dawa yoyote.

Kwa yule mnene kweli mambo ni tofauti, na ninamtia moyo. Kuna kipimo kisichohitaji mizani wala pesa. Chukua kamba, mwenzako akupime nayo urefu wako toka kisigino hadi utosini, ikate hapo. Ikunje katikati. Izungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, na hapo kupunguza chakula kunakuhusu. Mwaka 2017 uchunguzi wa Uingereza uitwao DiRECT ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani waliopunguziwa sana chakula walikuwa hawatumii tena dawa ya sukari baada ya mwaka mmoja, sukari ikiwa imerudi mahali pake. Habari hiyo ni kubwa. Lakini kabla ya kuishika, sikilizeni sehemu yake ya pili: dawa zao za sukari na za tansio zilisimamishwa na waganga siku ile ile walipoanza, na wauguzi wakawafuata mwaka mzima. Walijua kwamba dawa ile ile ya jana, ikikuta tumbo tupu, inakuwa hatari.

Hapa nitasema polepole. Kama unameza glibenklamidi, hicho kidonge ambacho wengi wanakijua kwa jina la Daonil, au kama unajidunga insulini, usifunge kabla hujazungumza na daktari wako. Dawa hizo zinaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Utaona jasho la baridi, mikono inatetemeka, moyo unadunda, maneno yanachanganyika, mtu anaonekana kama mlevi. Wengine sokoni watasema amelogwa au amekunywa. Mpeni sukari mara moja, vijiko vitatu katika maji, au soda yenye sukari, na baada ya robo saa mpeni tena kama hajarudi, kisha ale chakula. Akiwa hawezi kumeza, msimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Metformini ikiwa peke yake haina hatari hiyo kwa ukubwa huo, lakini hata wewe ongea na muuguzi. Anayemeza dawa ya tansio ile inayokojosha, akifunga bila maji, anaweza kuanguka akisimama ghafla. Na mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mzee aliyedhoofika, na aliye kwenye dawa za kifua kikuu, hao wote chakula chao kisiguswe.

Kuhusu kufunga kavu, bila tone la maji siku mbili tatu, nasema kwa heshima yote kwa wachungaji wetu: msimpeleke huko mtu mwenye tansio au sukari. Mungu anasikia pia sala ya mtu aliyekunywa maji.

Sasa nirudi kwa wale wawili watatu wanaofunga pamoja, kwa sababu wao ndio tumaini langu. Mwaka 1961 mama mmoja wa Queens, New York, aitwaye Jean Nidetch, alichoka kupunguza uzito kwa siri na kushindwa kwa siri. Akawaita rafiki zake sita nyumbani, wakazungumza wazi juu ya vyakula wanavyovila wakijificha. Kutoka kikao hicho likatoka shirika la Weight Watchers. Huko Kambodia shirika la MoPoTsyo limewafundisha wagonjwa wa kisukari wenyewe wawe walimu wa majirani wao wagonjwa. Na hapa nchini, Kinshasa, mtandao wa Kin-réseau umepanga huduma za kisukari ndani ya vituo vya afya vya mitaani, karibu na mgonjwa anapoishi.

Sisi tuna likelemba, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu. Tuna vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya AVEC, vyenye sanduku na daftari. Wanawake wa mji huu wanakutana kila wiki tayari. Wanajua nani anauza nini, nani amefiwa, mume wa nani hajarudi. Sioni sababu ya kutunga kikundi kipya cha kufunga wakati kikundi kipo. Dakika ishirini baada ya kuhesabu pesa, ile kamba itoke, aliyepima tansio wiki hii aseme amekuta ngapi, na kama kuna muuguzi mtaani aalikwe mara moja kwa mwezi. Muuguzi huyo aandike kwenye daftari, kwa ruhusa ya mwenyewe, nani ana dawa gani na nani asifunge kabisa.

Kikundi kinamlinda mtu na jambo jingine ambalo waganga hawalioni. Hapa kwetu mwili mnene ulikuwa sifa, kitambi kilimaanisha nyumba ina chakula. Mama akipungua, maneno yanaanza: ana ukimwi, mume amemtesa, biashara imeanguka. Wengi wanaacha kwa sababu ya hayo maneno, si kwa sababu ya njaa. Wakiwa watano wanapungua pamoja na kila mtu anajua wanafanya nini, maneno yanakosa pa kushika.

Lakini kikundi kinaweza pia kuharibu. Nimesikia wanaoshindana nani atakaa muda mrefu zaidi. Nimesikia anayefungua mapema anachekwa na kuitwa mlafi. Nimesikia wanaoletewa chai ya majani ya kuharisha, chupa kwa bei ya chakula cha wiki nzima, na anayeileta ni kiongozi wa kikundi mwenyewe. Mkiona muuzaji ndiye mwalimu, ondokeni. Na mkiona kuna kushindana, vunjeni mashindano siku hiyo hiyo.

Kuna mwanachama mmoja ninayemfikiria zaidi kuliko wote. Tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini, mabenki yakafunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, mlo mmoja kwa siku umekuwa kawaida ya nyumba nyingi. Katika Kongo nzima, mwaka 2025, watu zaidi ya milioni 25 walihesabiwa kuwa na njaa kali. Mtu wa nyumba hiyo anaweza kuja kwenye kikundi akasema, nami nafunga. Anasema hivyo kwa sababu ni heshima zaidi kusema nafunga kuliko kusema sina. Atasifiwa. Atapimwa kiuno, atapigiwa makofi, na usiku watoto wake watalala na uji.

Mama zangu, mtu huyo mtamtambua. Kamba inamzunguka kiunoni na kubaki, naye bado anataka kufunga. Anajibu haraka ukimuuliza amekula nini. Msimuulize mbele ya wengine. Mmoja wenu, aliye karibu naye, amsindikize njiani wakati wa kurudi, amuulize watoto wamekula nini jana. Vikundi vyenu vina mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa. Aliyeshika ufunguo atoe humo kilo chache za unga wa muhogo na kipimo cha maharagwe, na katika daftari paandikwe kama vile pameandikwa kwa mgonjwa. Jina lake kati ya wanaofunga lifutwe kimya kimya, abaki mwanachama, aendelee kukaa pale pale alipokuwa akikaa.

Wiki ijayo, saa kama hii, muuguzi atakuwa hapa nami kujibu maswali yenu ya dawa. Leteni majina ya vidonge vyenu, au pakiti yenyewe ya dawa mkononi, msome kilichoandikwa nyuma.